Masika Bujumbura: Kwa nini utabiri wa mvua za wastani hauiondolei hatari Zone Industrielle

Kila mwaka, mwezi Februari unapokaribia ukingoni, swali moja huzunguka kutoka gereji za Buyenzi hadi kwenye maghala ya Zone Industrielle na vibanda vya soko la Ngagara ambalo wengi huliita Kotebu: je, masika ya mwaka huu yatakuwaje? Jibu huja kwa ramani za rangi na kwa asilimia. Anayelisikia redioni hubaki na neno moja kichwani, ama «juu ya wastani», ama «wastani», ama «chini ya wastani», kisha huamua kama atainua mizigo yake kutoka sakafuni au ataiacha ilipo.

Uamuzi huo ni mzito, na neno hilo moja halitoshi kuuamua. Utabiri wa msimu hupima jumla ya mvua inayotarajiwa kwa miezi mitatu katika eneo kubwa. Hatari inayoikabili Zone Industrielle hutoka kwingine: usiku mmoja wa mvua kubwa milimani, na ziwa ambalo bado limebeba maji ya miaka iliyopita. Mambo hayo mawili yanaweza kuleta maafa hata katika msimu ambao, ukihesabiwa mwishoni, utaonekana kuwa wa kawaida kabisa.

Makala haya yanaeleza jinsi utabiri huo unavyotengenezwa, unachosema na usichosema kuhusu mvua, upepo na baridi, na namna mkazi, kibarua au mwenye ghala anavyoweza kuutumia.

Msimu unaokuta ardhi imeshalowa

Wakati nchi za Ulaya zinatoka katika majira ya baridi na kuingia majira ya machipuko, Burundi huingia katika kipindi cha pili cha mvua. Wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki hukihesabu kuanzia Machi hadi Mei. Kwa mkulima wa Burundi huo ndio msimu B, ambao maharage yake, mahindi yake na viazi vyake hulisha masoko ya mji hadi katikati ya kiangazi.

Jiji la Bujumbura hupata takriban milimita 850 za mvua kwa mwaka. Machi na Aprili ndiyo miezi yenye mvua nyingi zaidi, kila mmoja ukiwa na wastani wa karibu milimita 120. Mei hushuka hadi nusu ya hapo, na kufikia Juni mvua huwa imekwisha. Kiasi hicho si kikubwa kikilinganishwa na milima inayoutazama mji kutoka mashariki, ambako katika baadhi ya maeneo mvua ya mwaka hupita milimita 1,500.

Jambo la kuzingatia ni kwamba masika ya Bujumbura hayaanzi juu ya ardhi kavu. Mvua za kwanza hushuka Septemba au Oktoba, huongezeka Novemba na Desemba, kisha hupungua kidogo tu Januari na Februari. Kwa hiyo Machi inapofika, udongo wa milimani umeshashiba, mito imeshajaa mchanga, na mifereji ya mji imekusanya takataka za miezi mitano. Mvua ambayo mwezi Oktoba ingenywewa na ardhi, mwezi Aprili huteremka mara moja hadi mabondeni.

Utabiri unasema nini, na hausemi nini

Mwelekeo wa mvua za msimu kwa eneo hili huandaliwa na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, chenye makao yake nchini Kenya. Mara tatu kwa mwaka kituo hicho hukutanisha wataalamu wa nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwa miongoni mwao. Matokeo ya kompyuta za vituo vikubwa vya dunia hulinganishwa, hujadiliwa, kisha kila nchi huyarudisha nyumbani na kuyafafanua kwa ajili ya mikoa yake. Nchini Burundi kazi hiyo ni ya Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU.

Neno «wastani» katika utabiri huo lina maana maalumu. Wataalamu huchukua mvua za msimu husika kwa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, na kuzipanga kutoka mwaka wa ukame zaidi hadi mwaka wa mvua nyingi zaidi. Orodha hiyo hugawanywa katika mafungu matatu yenye miaka 10 kila moja: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Kama hakuna taarifa yoyote ya ziada, kila fungu lina nafasi sawa, yaani theluthi moja. Kazi ya mtabiri ni kueleza ni fungu gani limepata uzito zaidi safari hii.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Iwapo ramani inaonyesha asilimia 45 kwa mvua za juu ya wastani, asilimia 35 kwa wastani na asilimia 20 kwa chini ya wastani, vyombo vya habari vitasema «mvua za juu ya wastani zinatarajiwa». Usemi huo si uongo, lakini umeacha kitu. Kwa hesabu hiyohiyo, kuna uwezekano wa asilimia 55 kwamba mvua hazitakuwa juu ya wastani. Msikilizaji aliyeahidiwa mvua nyingi akapata mvua za kawaida hakudanganywa na mtabiri. Alipewa nusu tu ya sentensi.

Kikomo cha pili ni kikubwa zaidi. Milimita 300 za mvua zikigawanyika vizuri katika siku 40, mahindi hustawi na mitaro hubaki na nafasi. Milimita 300 hizohizo zikishuka kwa siku 12, na 80 kati yake zikaanguka kwa usiku mmoja, madaraja huondoka. Katika hesabu ya msimu, hali hizo mbili ni sawa. Utabiri wa miezi mitatu hauwezi kutaja siku wala mtaa.

Kinachoamua mvua za masika

Chanzo kikuu cha mvua za masika ni Ukanda Mvua, eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuilazimisha hewa yenye unyevu kupanda juu. Ukanda huo hulifuata jua. Mwezi Januari huwa umeegemea kusini, na kuanzia Machi huanza safari ya kurudi kaskazini, ukipita juu ya Burundi, Rwanda na Kivu.

Nguvu ya ukanda huo hutegemea mambo yanayotokea mbali. Wengi wameshasikia habari za El Niño, yaani kuongezeka kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki. Lakini El Niño, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, huathiri zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Masika hayafungwi sana na kamba hizo, na ndiyo sababu huwa magumu zaidi kutabirika.

Kwa upande wa magharibi wa eneo hili kuna mhusika mwingine: hewa yenye unyevu kutoka misitu ya bonde la Kongo. Kwa kawaida upepo wa Afrika Mashariki hutoka baharini, yaani mashariki. Zipo siku ambapo hugeuka na kuvuma kutoka magharibi, na siku hizo mvua huongezeka. Uchunguzi umeonyesha kwamba mgeuko huo hutokea mara nyingi zaidi wakati kimbunga kinapokaa katika bahari ya mashariki ya Madagaska. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2018, wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim. Kimbunga ambacho hakitafika kamwe katika Ziwa Tanganyika kinaweza kuyavuta mawingu ya Kongo hadi juu ya milima ya Bujumbura. Hakuna mtu anayeweza kukitaja kimbunga cha namna hiyo mwezi Februari.

Hatari ya kwanza: mlima na usiku mmoja

Ili kuelewa kwa nini mvua ya siku moja ina uzito mkubwa, inatosha kutazama mji ulivyolala. Zone Industrielle iko katika tambarare ya chini, jirani na Buyenzi, Ngagara na bandari, mita chache tu juu ya usawa wa ziwa. Upande wa mashariki, kilele cha safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile hupita mita 2,000. Mlima Heha, mrefu kuliko yote nchini, unakaribia mita 2,700. Katika mwendo wa kilomita zisizozidi 30 maji hushuka zaidi ya mita 1,000.

Mchana jua huipasha ardhi joto na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea milimani, ukibeba unyevu. Kufikia alasiri mawingu huwa yamerundikana juu ya miteremko. Mvua ikianguka huko jioni, maji huingia katika mabonde ya mito inayoukata mji: Mutimbuzi, Nyabagere, Ntahangwa, Muha na Kanyosha. Mtu aliyeko Buyenzi anaweza asione tone hata moja na bado akasikia Ntahangwa ikinguruma. Mto huo hupita kati ya Buyenzi na Ngagara kabla ya kuingia ziwani, na kila mwaka hula kingo zake, ukichukua nyumba, nguzo za umeme na vipande vya barabara.

Usiku wa Februari 9, 2014 ndio unaokumbukwa zaidi. Mvua iliyoanza jioni ya Jumapili iliendelea kwa saa nyingi juu ya vilima vya kaskazini mwa mji. Maji, matope na mawe yalishuka hadi Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani, watu wengi wakiwa ndani ya nyumba zao za matofali mabichi. Zaidi ya watu 60 walipoteza maisha na mamia ya nyumba yalibomoka. Tarehe yenyewe ina somo. Ilikuwa Februari, kabla ya miezi ambayo wataalamu huihesabu kuwa masika. Mtu aliyekuwa akingoja Machi ili azibue mtaro wake alikuwa ameshachelewa.

Katika Zone Industrielle maji hayo huongezwa na mapaa yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ghala lenye paa la mita za mraba 2,000 likinyeshewa milimita 50 kwa usiku mmoja humwaga chini lita 100,000, sawa na malori kumi ya maji yenye lita 10,000 kila moja. Yakizungukwa na uwanja wa saruji usionywa maji, na mtaro ukiwa umejaa chupa na mifuko, maji hayo hutafuta mlango. Saruji, sukari, unga, mbolea na kahawa haviokolewi kwa kuanikwa.

Hatari ya pili: ziwa lenye kumbukumbu

Mto hupanda kwa saa na kushuka kwa siku. Ziwa Tanganyika huenda kwa mwendo wake lenyewe. Lina eneo la karibu kilomita za mraba 32,900 na kina kinachofikia takriban mita 1,470. Maji huingia kwa mvua inayonyesha juu yake, kwa mto Malagarasi unaotokea Burundi na kupita Tanzania, kwa Rusizi inayotoka Ziwa Kivu, na kwa mito mingi midogo. Njia ya kutokea ni moja tu: mto Lukuga, unaotoka Kalemie upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji mengine huondoka kwa kugeuka mvuke.

Kwa sababu hiyo ziwa halisahau upesi. Miaka miwili au mitatu ya mvua nyingi huliinua, na linahitaji miaka kadhaa kurudi lilipokuwa. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziliyainua maziwa yote makuu ya eneo hili, na Tanganyika liliendelea kupanda hadi 1964, lilipofikia karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa 2019, joto lisilo la kawaida katika magharibi ya Bahari ya Hindi lilileta mvua nyingi mno, na miaka miwili iliyofuata maji yaliingia katika mitaa ya ufukweni. Kisha, mwishoni mwa 2023, El Niño na joto la Bahari ya Hindi vilikuja pamoja. Kufikia Aprili na Mei 2024 ziwa lilikuwa limerudi karibu na kimo kilekile cha 1964.

Waliobeba mzigo mkubwa zaidi ni wakazi wa Gatumba, kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kongo. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na kuwafukuza maelfu ya watu makwao. Siku hizohizo, ng'ambo ya mpaka, mto Mulongwe uliua makumi ya watu mjini Uvira. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe ndilo lililokuja Gatumba. Aprili 2024, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa pamoja wa msaada, wakieleza kwamba tangu Septemba 2023 zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua nchini.

Ziwa linapokuwa juu, Zone Industrielle huumia hata kama maji yake hayajafika kwenye milango ya viwanda. Mito na mifereji ya mji humwaga maji ziwani kwa mteremko mdogo sana. Mdomo wa mto ukizibwa na ziwa lililopanda, maji ya mvua hukosa pa kwenda na kurudi nyuma kuelekea mitaani. Mvua ambayo miaka 10 kabla ingekauka kwa saa mbili husimama usiku kucha. Hii ndiyo sababu msimu wa mvua za wastani unaofuata miaka ya mvua nyingi unaweza kuleta hasara kubwa kuliko msimu wa mvua nyingi unaofuata ukame.

Historia inaonyesha jinsi mji ulivyo mgeni katika ardhi hii. Katika karne ya 19 Lukuga iliziba kwa matope na majani, na ziwa likapanda juu sana kuliko lilivyo leo. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Miaka michache baadaye ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha Usumbura, katika tambarare ambayo sehemu zake za chini zilikuwa zimefunikwa na maji wakati wa babu zao wenyeji. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka ujenzi ukae umbali wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Kila ziwa linapopanda, umuhimu wa umbali huo huonekana kwa macho.

Upepo na radi hutangulia mvua

Hatari ya upepo katika masika ya Bujumbura haifanani na ile ya kimbunga cha pwani. Hutoka ndani ya wingu lenyewe. Mvua inapoanguka kutoka juu hupoza hewa inayoizunguka. Hewa baridi ni nzito, nayo huporomoka na kusambaa chini kwa nguvu kabla ya tone la kwanza kufika. Dakika kumi au ishirini za upepo wa ghafla, vumbi na baridi inayoshtua ngozi, hiyo ndiyo ishara.

Upepo huo ndio unaong'oa mabati yaliyopigiliwa misumari michache, unaoangusha mabango na matawi ya miembe juu ya nyaya, na unaowakuta wavuvi katikati ya ziwa. Katika Zone Industrielle, paa refu lisilo na kuta upande mmoja hushikwa na upepo kutoka chini kama tanga la jahazi. Bati lililolegea Februari ni rahisi kulikaza. Likishang'oka Aprili huruka na kumkuta mpita njia.

Pamoja na upepo huja radi. Eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa sana na radi duniani. Vipimo vya satelaiti vilivyokusanywa kwa miaka 16 viliiweka Kabare, karibu na Bukavu, katika nafasi ya pili ulimwenguni, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Anayesikia ngurumo akiwa juu ya paa, ndani ya mtumbwi au chini ya mti pekee uwanjani ameshachelewa kuondoka. Mashine na jenereta zisizo na waya wa kupeleka umeme ardhini huungua, na moto ndani ya ghala lililojaa mafuta au nguo ni janga jingine.

Sakitu: hatari ya milimani inayofika mjini kwa bei

Taarifa za majira ya machipuko kutoka Ulaya huonya sana kuhusu sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu juu ya mimea. Je, jambo hilo linaihusu Bujumbura? Katika mji wenyewe, halihusu. Wastani wa joto wa mwaka ni karibu nyuzi 24 za Selsiasi, na hata usiku wa baridi kabisa hauko karibu na kuganda.

Lakini kwa kila mita 1,000 za kupanda mlima, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Huko Mugamba na katika maeneo ya juu ya safu hiyo ya milima, usiku mkavu usio na mawingu huiacha ardhi ipoteze joto lake lote. Hewa baridi huteremka na kutulia katika mabonde yenye unyevu, ambako mimea inaweza kuungua kwa baridi alfajiri. Wakati wa hatari hiyo ni Juni na Julai, baada ya masika, si katikati yake. Hali kama hiyo inafahamika vizuri huko Makete na Njombe, kusini mwa Tanzania. Katika nyanda za chai za Kenya, ambako kiangazi cha kwanza cha mwaka huleta usiku mkavu, sakitu iliunguza mashamba Januari 2012.

Ndani ya masika yenyewe, barafu inayowatesa wakulima wa milimani ni mvua ya mawe. Dakika 15 zinatosha kuchana majani ya chai ya Teza, Tora, Ijenda au Rwegura na kulaza viazi vilivyokuwa vimeanza kutoa maua. Anayefanya kazi ya kupakua magunia katika Zone Industrielle haoni mawe hayo, lakini huyahisi wiki chache baadaye, malori yanapopungua na bei ya kilo ya viazi inapopanda.

Anayepoteza kwanza

Maji yakiingia kiwandani, mashine husimama, na bima, kama ipo, huanza kuhesabu. Kibarua anayelipwa kwa siku hana cha kuhesabu. Siku ambayo geti halifunguliwi ni siku isiyo na franga. Vivyo hivyo fundi wa Buyenzi ambaye vipuri vyake vimelala chini barabarani, mama anayepika chakula mbele ya geti la kiwanda, na mchukuzi wa baiskeli ambaye barabara yake imegeuka mto.

Baada ya maji huja maradhi. Vyoo vikifurika na mabomba ya maji safi yakipasuka, kipindupindu hupata njia. Mlipuko uliotangazwa Januari 1, 2023 mjini Bujumbura ulikumbusha kwamba ugonjwa huo haujaondoka katika tambarare hii. Madimbwi yanayobaki Mei huzaa mbu, na malaria hufuata.

Namna ya kuutumia utabiri

Wataalamu hushauri kuusoma utabiri kwa ngazi. Ule wa msimu, unaotoka kabla ya Machi, ni wa kupanga: kununua mbegu, kutenga fedha za mchanga na saruji, kuamua kama mizigo mipya ihifadhiwe chini au juu. Ule wa siku kumi husaidia kupanga safari na kazi za nje. Ule wa kila siku, pamoja na tahadhari zinazotolewa na IGEBU, ndio unaookoa maisha.

Hata hivyo, kazi kadhaa hazihitaji kungoja asilimia yoyote. Mitaro izibuliwe kabla ya Februari kwisha, na taka zilizotolewa zisiachwe pembeni ili mvua ya kwanza izirudishe ndani. Mabati na kenchi zikaguliwe. Mizigo inayoharibika iwekwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta wa upande wa mto. Swichi kuu na transfoma ziinuliwe kutoka sakafuni, na awepo mtu mmoja katika kila zamu anayejua kuzima umeme. Walinzi wa usiku wawe na namba za simu za majirani wa upande wa juu wa mto, kwa maana habari ya Ntahangwa hupatikana mapema zaidi kutoka milimani kuliko kutoka Buyenzi.

Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Nyaraka za familia, kuanzia vitambulisho hadi vyeti vya watoto, ziwekwe katika mfuko usiopenya maji. Watoto na wazee wajue mapema watakimbilia kwa nani upande wa juu. Na hakuna haja yoyote inayostahili kuvuka mto uliochafuka kwa miguu: maji yanayofika magotini, yakiwa na kasi, humwangusha mtu mzima.

Mwisho, anayeishi au kufanya kazi karibu na ufuko aulize maswali mawili kila msimu. La kwanza ni lile la siku zote: mvua zitakuwaje? La pili huulizwa na wachache: ziwa liko kimo gani sasa? Kwa kawaida Tanganyika hupanda hadi Mei na kuwa chini kabisa karibu na Oktoba na Novemba. Kimo chake mwishoni mwa mwaka kikiwa bado juu, masika yanayofuata yatakuwa na nafasi ndogo ya kumwaga maji yake, hata kama ramani ya Februari itasema kwamba mvua zitakuwa za wastani.